Kadi ya Saba

Nilishuka Gaya na kadi kumi na mbili za picha,
kitambaa cha kuzitundikia, na kikohozi.
Tanuri lilikuwa linafuka.
Wazazi wakachuchumaa kati ya matofali mabichi,
mikono myekundu hadi viwikoni.

Kadi ya saba: *Zungumza na mwanao kila siku.*
Dukhan Manjhi akanyoosha kidole kama wa darasa la kwanza.
"Natoka amelala. Narudi amelala.
Nizungumze na nani, dada? Na blanketi?"
Wakacheka. Nami nikacheka, nikipekua
kadi isiyokuwamo.

Mkewe, Phulwa, hakuinua macho.
Alisema huku akifyatua tofali:
"Mwongo huyo. Usiku humnong'oneza sikioni
hesabu ya matofali ya kutwa nzima.
Alfajiri mtoto ananiamsha:
Mama, nimeota elfu moja na mia mbili."

Dukhan akaanza kukwangua udongo kwenye kisigino.

Ndani ya treni ya Patna
niliigeuza ile ya saba upande mweupe,
nikaandika namba yake.
Kisha nikampigia binti yangu, saa sita kasoro.
Hakupokea. Amelala, bila shaka.

Nikazungumza na mlio.