Upindo

Koti lilirudi Kilindini bila mtu ndani.
Alilileta Msallam, mpagazi mwenzake baba,
kalikunja kwapani kama mkate wa jana.
Akasema: hili halikuwa lake.
Sisi wapagazi hatukupewa makoti.
Alimvua askari aliyetangulia
huko Rufiji, mvua ikiwa na siku arubaini,
kisha naye akatangulia.

Mama hakulia mbele ya mgeni.
Alishika kola, akainusa,
akaanza kutafuta mshono.

Nilikuwa na miaka mitano. Naukumbuka wembe,
nyuzi zikitoka mojamoja,
na tope kavu la nchi nisiyoijua
likipukutika mkekani kwetu.
Ubavu wa kushoto palikuwa na tundu.
Mama alilizungushia chaki,
kama fundi anayeonyesha mahali pa kifungo.

Walisema vita vimekwisha.
Mizinga ya furaha ikapigwa,
mbuzi wa jirani wakakata kamba.
Na huko Ulaya wakubwa wakaketi mezani
wakaishona amani kwa pupa, kama kanzu ya mkesha wa Idi:
aliyeshindwa akapimwa na aliyemshinda,
akabanwa kifuani, akabanwa shingoni,
akaambiwa, vaa, imekukaa.

Sisi tulikwenda kudai mshahara wa baba.
Karani akafungua daftari: jina halimo.
Akafungua jingine: jina limo, namba si yake.
Njooni mwezi ujao.
Mama aliiendea hiyo miezi ujao kumi na minne,
buibui likapauka mabegani kwa jua la foleni.
Deni halikulipwa, wala halikufutwa.
Lilikaa tu,
kama maji chini ya mtungi.

Shebwana, aliyekuwa tumboni koti liliporudi,
alipotimiza miaka saba likakatwa suruali yake.
"Usikate karibu," mama alinionya,
"wacha upindo. Mtoto hukua."
Vidole vinne vya kaki vikalala ndani, gizani.
Kila Ramadhani tukafumua kidole kimoja,
na kitambaa kilichotoka kilikuwa kipya,
rangi yake ileile ya vita,
jua halijakigusa.

Hapo ndipo nilipojua, nikiwa na sindano mdomoni,
sikumwambia mtu:
na wale wa mezani waliacha upindo.

Pale Mwembe Tayari, watu husema,
jina lilibaki tangu wapagazi walipopangwa mistari
wakaitwa: Tayari!
Nimepita pale miaka ishirini na moja,
kwenda sokoni, kwenda mazikoni, kwenda kununua uzi.
Sijasikia hata siku moja
mtu akiwaambia: Tawanyikeni.

Mwaka wa thelathini na tisa tukapaka madirisha rangi nyeusi.
Meli za kijivu zikajaa bandarini
na bei ya mchele ikapanda ngazi mbilimbili.
Shebwana akaja na kaki ya serikali, mpya, inanuka dawa,
ndefu kwake, imefunika visigino.
"Dada, nipunguzie. Kesho tunaondoka."
Mkewe mlangoni, mkono juu ya tumbo,
akitazama kidirisha kilichopakwa
kana kwamba kuna kitu nje.

Nikapiga magoti, nikapima.
Kabla ya miguu nikapitisha dole gumba ubavu wa kushoto:
kitambaa kizima.
Mkono ukaanza kukunja wenyewe, kwa mazoea.

Nikauzuia.
Nikashika mkasi, nikakata, nikakata hadi karibu,
pakabaki pa kupitisha uzi tu.
Vipande nikavitia jikoni, chini ya sufuria ya mbaazi.
Kaki mpya haiwaki vizuri. Inafuka.

Mama, macho yamekwisha kuingia ukungu,
akainua uso kitandani, akanusa.
"Umeacha upindo?"

Nimeacha, mama, nikamwambia.