Mawe Mawili, Mwanjelwa

Alikuja saa nne, Loleza bado umejifunika shuka,
Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Akafungua fundo la khanga,
akatoa kikopo cha dawa ya kikohozi.
Ndani, pamba. Ndani ya pamba, mekundu mawili.

"Marehemu alisema kubwa ni yakuti, ni langu.
Dogo ni takataka tu, la mtu mwingine.
Nitazamie."
Atuganile jina lake, wa Kiwira,
tope jeusi la migombani limekauka kwenye kandambili.

Mimi sisemi kitu kabla ya kupima.
Macho yameshaniponza:
mwaka juzi nilitoa bei ya mbuzi wawili
nikanunua kipande cha taa ya nyuma ya lori.

Nikaanza na umbo.
Kubwa lina nyuso nane,
piramidi mbili zilizopeana vitako.
Dogo ni kipipa cha pembe sita, kimebapa,
na kwenye lenzi, ndani yake, nyuzi nyembamba
zimelala zikikingamana, kama hariri iliyosahauliwa na fundi.

Kisha mizani. Hewani, halafu majini,
maji ya bomba yanayochoma vidole kwa ubaridi.
Dogo: mara nne ya uzito wa maji liliyoyasukuma.
Kubwa: tatu na nusu na ushei.
Nikaandika. Nikanyamaza.
Ugumu sikuugusa; jiwe la mjane halikwaruzwi.

Nikachukua bomba langu la kutazamia,
lile lenye vidirisha viwili.
Kubwa mbele ya taa:
dirisha la kwanza, wekundu;
la pili, wekundu uleule.
Nikaligeuza. Uleule.
Nuru imeingia moja, imetoka moja.

Dogo:
huku wekundu wa rozela iliyochemka,
kule wekundu wa kaa la mkaratusi likipulizwa.
Nikaligeuza, vikabadilishana viti.

"Mama, dogo ndilo yakuti.
Kubwa ni spineli."
Hakulia. Aliomba bomba,
akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu
hata chai yangu ikashika utando.

"Hili lina kauli mbili."
"Ndivyo lilivyoumbwa. Nuru ikiingia humo hugawanyika,
kila nusu ikashika njia yake na mwendo wake.
Si kasoro."
"Si kasoro," akarudia,
polepole, kama anayeonja mboga ajue chumvi.

Ndipo nikasikia habari za Makambako:
nyumba ya bati jipya, mwanamke mpole,
watoto watatu waliofika msibani
na pua ambayo hakuna aliyehitaji kuipima.
Miaka kumi na saba alimtazama upande mmoja,
hakuwahi kumgeuza kwenye taa.

"Na kubwa, likigeuzwa?"
"Ni lilelile."
"Bei?"
Nilimtajia zote mbili, sikupunguza:
dogo, mara tano ya kubwa.
Akacheka kicheko kifupi, cha puani.
"Kwa hiyo hata yeye hakujua alichompa nani."

Umeme ukakatika.
Juu ya meza mawe yote yakawa meusi,
huwezi kusema lipi lina neno na lipi lina mawili.
Nikamsikia gizani akiyagusisha mdomoni, moja moja.
"Hili baridi zaidi," akasema.
Nilijua ni lipi. Sikumwambia.

Alipotoka alikuwa ameyafunga mbalimbali,
moja pembe hii ya khanga, moja pembe ile.
Akanilipa noti zilizonuka moshi,
akauliza stendi iko wapi, ingawa ndiko alikoshukia.

Gari la Kiwira na gari la Makambako
hufuata lami moja mpaka Uyole.
Pale ndipo barabara inapogawanyika.
Nilisimama mlangoni kidogo, mikono kwapani.
Kutoka kwangu, Uyole haionekani.