Mengineyo

Kiputo cha pima maji kilikataa kutulia.
Nikasema sakafu imeinama.
Nikaongeza gundi upande wa mlango, nikapima tena,
kikakimbilia dirishani.
Aluma, kijana ninayemfundisha, akanishika kiwiko:
Fundi, sakafu iko sawa.
Ni wewe unayetetemeka.

Hiyo ilikuwa Jumanne, Mvara, kwa Mwalimu Ezama,
choo cha wageni,
vigae arobaini na viwili vimeshalala,
misalaba midogo ya plastiki bado imesimama katikati yake
kama makaburi ya siafu.
Kwenye kikaratasi cha kliniki, misalaba mingine:
mitatu, ya wino. Ndivyo malaria inavyohesabiwa.

Nesi Letaru akasema sindano tatu, kisha vidonge,
kisha siku tano usiiname.
Nikamwambia, kazi yangu ni kuinama.
Basi mwambie bosi wako.

Nilimwambia.
Bosi wangu alikuwa amelala kwenye mkeka wangu,
jasho lake likinichoma macho.
Hana muhuri, hana daftari la ruhusa.
Anajua ada ya muhula
na deni la mashine ya kukatia vigae.
Akageukia ukutani.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema.
Mimi nikaulizwa choo kitaisha lini.
Mwalimu Ezama si mtu mbaya, alianza na pole.
Pole ikawa ndefu, ikapitia kwa watoto, ikapitia kwa mvua,
ikafika kwa wageni wa Jumamosi.
Mwaka jana yeye aliumwa mgongo miezi miwili;
mshahara ukaingia mara mbili, tarehe ileile,
kana kwamba benki haijui mgongo ni nini.
Simwonei wivu.
Kidogo.

Ningemtuma Aluma. Ana mikono mizuri.
Shida ndiyo hiyo, ana mikono mizuri,
na Mwalimu angeomba namba yake.
Nililala na hilo, uchungu wa dawa ukiwa ulimini,
mabati yakipasuka kwa baridi juu yangu.
Alfajiri nikamtuma,
nikampa na pima maji yangu.

Homa iliposhuka niliitafuta ile karatasi ya bei.
Saruji. Gundi. Grauti nyeupe, paketi sita.
Boda ya kubebea vigae kutoka mjini.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo
kama mtu anayepita mbele ya wakwe:
mengineyo, elfu sitini.
Naikumbuka kalamu yake nyekundu, ya kusahihishia.
"Mengineyo ndiyo nini, Fundi?"
Nikacheka. Nikasema, aah, basi.
Akapiga mstari, na rula.

Mengineyo, Mwalimu, ni dripu moja na sindano tatu.
Ni siku tano.
Ni uji wa mtama wa jirani, ambao hakuutaja bei
na ambao nitaulipa kwa namna nitakayoijua baadaye.
Ningekujibu hivyo siku ile
kama ningejua.
Nilijua.

Wiki iliyofuata, mjane mmoja wa Ediofe,
jiko, mita kumi na mbili.
Niliandika juu kabisa, kabla ya saruji,
kwa herufi zilizosimama wima:
siku za kuumwa, mbili.
Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.
"Kwani utaumwa?"
Sijui, mama. Hata vigae hatujui kama vitavunjika,
lakini tunanunua vya ziada.
"Na nikiukata huu mstari?"
Ukitaka kukata, anza na saruji.

Alikunja karatasi mara nne, akasema atanipigia.
Leo Alhamisi.
Simu ina chaji.