Alhamisi ya Miguu Safi

Alhamisi Kuu, mjini Kaunas. Theluji ya mwisho
inachuruzika kwenye mabati ya gereji.
Mimi, Kazimieras, nimeteuliwa:
mmoja wa wale kumi na wawili
watakaooshwa miguu na padre saa kumi na mbili jioni.

Basi nimeiosha kwanza.
Mara mbili, kwa sabuni ya Aldona,
nikasugua visigino kwa jiwe
hadi vikawa laini kama vya mtoto wa jana.
Nani ampelekee padre miguu michafu?
Soksi mpya, nyeusi, bado zina karatasi ya bei.

Ghorofa ya nne, mlango wa kumi na saba,
anaishi Zigmas.
Lifti ilikufa kabla ya Krismasi,
naye hajashuka tangu hapo.
Akitaka kitu hugonga bomba la hita kwa kijiko,
jengo zima likasikia,
na kila mmoja akasema moyoni:
yupo mtu atakayekwenda.

Mimi hutoa. Hesabu ipo:
yuro ishirini kila mwezi, mfuko wa wagonjwa wa parokia,
Bibi Genovaitė huandika jina langu kwa wino wa buluu.
Tena mimi na Zigmas tuna neno,
la gunia la viazi lililotoweka stoo ya chini,
mwaka wa kumi na mmoja huu.
Sina hakika tena kama viazi vilikuwa vyangu.

Nilikuwa ngazini, kofia mkononi.
Ko, ko, ko.
Nikashuka vidato viwili.
Ko.
Mara moja tu, kama mtu anayegonga
kwa mazoea, hatarajii jibu.

Nitasema kweli: sikusikia sauti ya Mungu.
Nilisikia kijiko.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilinipokea kabla yake.
Alikuwa kitandani na koti mwilini.
"Ni wewe," akasema. "Nilidhani amekuja mtu."

Nikamuuliza anataka nini.
Akaugeukia ukuta.
"Kucha," akasema. "Zimenishinda. Kiatu hakiingii."

Soksi ilikataa kuvuka. Ilibidi niilowanishe,
kwa kuwa uzi na ngozi vilikuwa vimeoana.
Na kucha, ee Bwana,
zimejipinda kama pembe za kondoo,
za manjano, moja imezama nyamani.
Nikatafuta beseni. Palikuwa na sufuria moja tu,
ya kuchemshia viazi.
Tukaitazama wote wawili.

Nikashuka kuchukua mkasi wa Aldona,
ule wa kukatia kuku,
nikapanda tena, magoti yakilalamika.
Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Miaka yote nilihakikisha wangu una noti,
nikaituma noti iende badala yangu.
Lakini noti haina magoti.
Haijui maji ya moto kiasi gani
yatamfaa mzee mwenye vidonda.

Kengele zikalia ng'ambo ya mto.
Huko kanisani, kwenye taulo zilizopigwa pasi,
padre aliosha miguu ishirini na miwili,
yote safi.
Mimi nilikuwa juu ya zulia la Zigmas,
maji yamegeuka rangi ya chai,
soksi zangu mpya chapachapa.
Kucha moja ikaruka, ikagonga kioo cha dirisha.
"Taratibu," akasema. "Mimi si kuku."

Kuhusu viazi hakuna aliyefungua mdomo.
Nilipomaliza alikunjua vidole kimoja kimoja,
akavitazama kama watu waliorudi kutoka safari
na hajui awaanze kwa salamu gani.
Hakusema asante. Akasema,
"Mguu wa kushoto umeuacha na sabuni."
Nikaurudia.

Aldona alirudi na baridi kwenye koti.
"Kiti chako kilikuwa kitupu. Padre alingoja."
Nikamwonyesha soksi, zinadondoka kwenye hita.
Akanitazama, akautazama mkasi,
akaupeleka jikoni, akauchemsha,
bila swali.

Usiku bomba lilikaa kimya.
Nililisikiliza hata hivyo.