Karatasi ya Mihuri

Siumwi, ndivyo nilivyowaambia.
Homa hakuna, kichwa kizima,
ila usiku umekataa kwisha,
na mchana nikiwekewa ugali
nautazama kama barua ya mtu mwingine.

Shangazi akasema ni mkono wa mtu.
Jirani akasema ni mawazo tu, yaache,
kana kwamba mawazo ni mbuzi, unafungua kamba yanakwenda.
Pale Kitete nesi Nyamizi hakuwa na haraka.
Aliandika vidonge, akaweka kalamu chini:
"Kusoma unajua?"
Najua. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni, miaka kumi na tisa.
"Basi pita maktaba. Kurasa mbili kila usiku. Usizidishe."
Kama dozi.

Nilichukua kilichokuwa karibu na mlango,
sikuwa na nguvu ya kufika rafu ya pili.
Ufugaji wa nyuki. Jalada limeliwa na mende.
Mimi na nyuki! Asali naijua ikiwa kwenye chupa.

Usiku wa kwanza nilisoma aya moja mara saba,
maneno yakiniponyoka kama kambale.
Usiku wa nne treni ya Mpanda ikapiga honi,
nikashtuka: niko ukurasa wa kumi na mbili,
na kwa dakika ngapi, sijui,
sikuwa nimeliona lile blanketi
walilomfunika Lugendo.
Nikajilaumu. Nikalia.
Nikafungua wa kumi na tatu.

Humo imeandikwa: mzinga uliohamwa usichomwe.
Ushushwe, ukwanguliwe mabuu ya nondo,
upakwe nta ya zamani mlangoni,
upandishwe tena mti ule ule.
Nyuki wengine watanusa.
Au mwaka huu hawatanusa.
Mwandishi hakuahidi kitu, ndipo nikamwamini.

Nyuma kabisa pana karatasi ya mihuri,
tarehe za kurudisha, wino wa zambarau:
Machi, Machi tena, Aprili,
kisha miaka tisa hakuna mtu,
kisha Julai mmoja, mtu yule yule,
mihuri mitano imepandana.
Nani huyo wa Julai?
Mfugaji harudii somo moja mara tano.
Ukurasa wa arobaini ameacha penseli,
mstari chini ya neno *subiri*,
umekandamizwa hadi karatasi imetoboka.

Nilikaa naye mpaka adhana ya Isevya.
Mwanamke, mwanamume, sikujua.
Tulikuwa macho wawili.

Vidonge bado nameza.
Kuna siku ugali bado ni barua.
Leo nimekipeleka, Bi Kalunde akakipangusa vumbi,
akaniangalia juu ya miwani:
"Unarudisha, au unaongeza?"
Naongeza.
Akagonga.
Tarehe yangu ikakaa chini ya Julai,
mbichi,
nikatembea na kitabu wazi hadi nyumbani
wino usije ukapaka.