Dakika Ishirini za Gundi

Gundi ya soli hutaka dakika ishirini.
Ukibandika mapema, inateleza.
Ukichelewa, imekufa, haishiki hata vumbi.
Hapa Felgueiras mtoto hulijua hilo
kabla hajajua sala.

Basi huo ndio muda wangu wa kusoma.
Usiku nina mama, lazima ageuzwe kitandani.
Jumapili mashine zinapakwa mafuta.
Nina dakika ishirini, mara nne kwa siku,
miguu juu ya kasha la visigino,
kitabu kimeegemea kopo la misumari.

Shemeji yangu Hermínio huniletea vitabu kila Krismasi,
yeye ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.
Vimefika thelathini na kimoja.
Majalada yanang'aa kuliko ngozi niliyoisugua mwenyewe;
kila jalada na mshale wake unaopanda,
na mtu aliyekunja mikono, meno yote nje.

Zamani nilivisoma kwa adabu, mwanzo hadi mwisho,
kama mgeni anayemaliza supu ya wenyewe.
Dibaji inanisifu kwa kuinunua.
Sura ya kwanza inaahidi ya pili,
ya pili inakumbusha ahadi.
Kufika ya tisa, tajiri ameamka alfajiri mara sita
na kuoga maji ya baridi.
Mimi naamka saa kumi na moja tangu nina miaka kumi na minne.
Sijaona senti ikidondoka kwa sababu hiyo.

Siku hizi nakikagua kitabu
kama ninavyokagua ngozi kwa mchuuzi wa Alcanena.
Uso siutazami; uso hupakwa rangi.
Nageuza upande wa nyama, nakunja kona, nanusa.
Nafungua katikati, pale mwandishi alipochoka kujipamba,
namuuliza: umewahi kukosa mishahara Ijumaa?
Umewahi kumwambia Lurdes, mshonaji wako,
"Jumatatu, bila shaka,"
nawe wajua Jumatatu haina lolote?
Vingi hukaa kimya.
Kimoja kilinijibu kwa mchoro wa piramidi.

Kilichonikamata hakikutoka kwa Hermínio.
Kilikuwa mnadani, chini ya pasi mbovu, euro moja,
jalada limeng'oka na kuondoka na jina la mwandishi.
Ni mtu aliyepoteza kiwanda cha matofali,
akaandika, bila kujionea huruma,
kila tundu lililovujisha.
Ukurasa wa sitini na moja anasema:
acha kuhesabu fedha, hesabu siku.
Fedha yako inalala siku ngapi nyumbani kwa mtu mwingine?

Nikachukua penseli.
Lyon: siku tisini na nne.
Yule wa Antwerp: mia na kumi, na salamu za upendo.
Ngozi mimi nalipa kwa thelathini.
Kumbe miaka kumi na miwili nimekuwa benki,
benki isiyo na riba wala mlango,
nikiwakopesha watu wenye lifti.

Nilipoinua kichwa, gundi ilikuwa imekufa.
Jozi nane, ngozi ya ndama, rangi ya divai.
Lurdes akazitazama soli, akanitazama mimi.
"Kinasema nini hicho?"
"Kinasema nipige simu."
Nikapiga. Kifaransa changu ni cha kuokoteza,
lakini "thelathini" naitamka vizuri.

Sijakimaliza.
Kipande cha utepe kiko palepale, sitini na moja.
Lyon wamekubali siku sitini. Antwerp hawapokei.
Huenda mbele kuna hekima kubwa zaidi;
huenda naye anaanza kuoga maji ya baridi.
Nitajua nikishamaliza kazi aliyonipa.

Vile thelathini na kimoja navyo vimeajiriwa:
vinakandamiza soli zikishikana.
Kile kinene cha uongozi
kina uzito barabara kwa kiatu namba arobaini na mbili.
Na Krismasi hii nimemwambia Hermínio,
kwa upole, maana ni shemeji,
alete samaki wa chumvi.