Skafu za Kaniki

Mwaka wa nzige, kaka Anyosisye,
ulirudi kutoka shuleni Tukuyu na filimbi shingoni,
maneno ya kiapo umeyaweka shavuni kama njugu.
Skafu zilizoagizwa hazikufika,
mvua ilikuwa imeila barabara ya Mbeya.
Mama akachukua kaniki yake ya kulimia,
akakata pembe tatu, tisa,
maana mlikuwa tisa.
Viatu, jozi moja. Mlivivaa kwa zamu.

“Kwa Mungu na kwa Mfalme,” ulikariri jikoni.
Babu akachokoa moto:
“Mfalme yupi? Wa kwetu namjua, ana kikohozi.”
Ukamwonyesha sarafu.
Akaigeuza, akaing'ata, akakurudishia.

Kisha Kiwira ukafurika usiku,
na binti wa Mwakalobo yuko ng'ambo, juu ya jiwe.
Kamba ilikuwa fupi.
Mkavua skafu, mkaziunga moja moja.
Hakuna aliyetaja kiapo.

Bendera imebadilika, kaka.
Mfalme ametolewa kwenye kiapo,
wajukuu wako wanavaa skafu za dukani.
Sandukuni mwa mama nimekuta vipande viwili vya kaniki;
fundo lake lilinywa maji, likakauka hivyo hivyo.
Nimejaribu hata kwa meno.